Risasi na Kimo cha Nchi

Msomaji, chukua ramani ya Kenya, uweke kidole chako Garissa, kisha ukifuatishe na njia iendayo kaskazini. Utapita Wajir, utapita Tarbaj, na kabla hujafika Elwak utakuta jina dogo la Kutulo. Nchi hiyo ni ya Wasomali wafugaji, wenye ngamia na mbuzi. Ardhi yake ni tambarare na kame, miti yake ni migunga na vichaka vya miiba, na utajiri wake mkubwa ni kisima. Mtu akisimama hapo adhuhuri hutazama mbele mpaka macho yachoke, asione kilima cha kuyazuia. Kimo cha nchi hiyo juu ya bahari ni mita mia chache tu.

Sasa ondoa kidole hapo, ukipeleke kusini-magharibi hata Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Umesafiri kilomita mia kadhaa tu, lakini umepanda ngazi kubwa. Nanyuki iko karibu mita 1,950 juu ya bahari. Asubuhi yake huhitaji blanketi, na mgeni atokaye pwani akipanda kilima kidogo huona pumzi inamwishia. Nchi ni moja, serikali ni moja, lakini hewa ya Kutulo na hewa ya Nanyuki si sawa.

Tofauti hiyo ya hewa ndiyo iliyozaa swali ambalo wawindaji wa zamani waliliuliza mara nyingi, nami nataka tulichunguze pamoja. Mtu akiitengeneza shabaha ya bunduki yake katika nchi ya juu, kisha akashuka nayo katika nchi ya chini, je, risasi yake itapiga palepale alipolenga? Usidhani kuwa swali hili ni la bunduki peke yake. Ndani yake mna habari za wataalamu wa Ulaya, za wafalme na mikataba, za ndovu wa nchi yetu, na za dhamiri ya mwanadamu. Kuwinda kwa bunduki kulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na kwa hiyo swali hili kwetu ni la historia. Lakini historia isiyofundisha kitu ni hadithi ya kupitisha usiku, na hii ina la kufundisha.

Tuanze na risasi yenyewe. Watu wengi hufikiri kuwa risasi huenda moja kwa moja kama uzi uliovutwa. Sivyo. Mara itokapo mdomoni mwa mtutu, risasi huanza kuanguka, sawasawa na jiwe lililoachiliwa mkononi. Mwitalia Galileo alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638, alipoonyesha kuwa kitu kilichotupwa kina miendo miwili kwa wakati mmoja, mmoja wa kwenda mbele na mmoja wa kuanguka. Miendo hiyo ikiungana hufanya njia ya mviringo, kama upinde. Mwindaji hupata shabaha kwa kuinua mtutu kidogo tu, ili risasi ipande kwanza, kisha ishuke na kukutana na mstari wa jicho mahali alipopachagua.

Hesabu yake si ngumu, nawe waweza kuifanya daftarini mwako. Bunduki ya Martini-Henry, ambayo Waingereza waliichukua kwa jeshi lao mwaka 1871, ilirusha risasi kwa mwendo wa mita 400 hivi kwa sekunde. Kama pasingekuwa na hewa, risasi hiyo ingechukua nusu sekunde kufika mita 200, na katika nusu sekunde hiyo ingeanguka mita 1 na sentimita 23. Bunduki ya Lee-Enfield, kwa risasi zake za baadaye, ilikuwa na mwendo wa mita 744 kwa sekunde. Risasi yake ingefika mita 200 kwa sekunde 0.27, na ingeanguka sentimita 35 tu. Lakini iangalie risasi hiyohiyo ikienda mita 400. Masafa yamekuwa mara mbili, ilhali anguko limekuwa mara nne, yaani mita 1 na sentimita 42. Likumbuke sana jambo hili, maana tutalirudia: masafa yakizidi, anguko huzidi kwa kasi kuliko masafa yenyewe.

Galileo alisema kweli, walakini hakusema yote. Aliijua hewa, lakini aliudharau uzito wake juu ya risasi ya kasi. Mwingereza aitwaye Benjamin Robins ndiye aliyelifumbua fumbo hili katika kitabu chake cha mwaka 1742. Alitundika gogo kama bembea, akalipiga risasi, akapima jinsi lilivyosukumwa nyuma, na kwa njia hiyo akajua mwendo wa risasi. Kisha alisogea mbali, akapiga tena, akaona kuwa risasi imepoteza mwendo mwingi njiani. Hewa, ambayo sisi twaikata kwa mkono bila kuihisi, huwa kama ukuta laini mbele ya risasi. Risasi ya Lee-Enfield inapotoka mtutuni husukumwa nyuma na hewa kwa nguvu ipitayo uzito wake makumi ya mara. Ikipungua mwendo huchelewa njiani, na ikichelewa huanguka zaidi. Lile anguko la sentimita 35 kwenye mita 200 huwa kama sentimita 40 katika hewa ya kawaida, na lile la mita 1 na sentimita 42 kwenye mita 400 hufika kama mita 1 na sentimita 80.

Sasa waona jinsi kimo cha nchi kiingiavyo. Mwaka 1648, Mfaransa Blaise Pascal alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima wa Puy-de-Dôme na mrija wenye zebaki. Zebaki ile iliposimama mrijani kileleni ilikuwa chini kwa zaidi ya sentimita 8 kuliko ilivyokuwa bondeni. Maana yake ni kwamba hewa ina uzito, nasi twaishi chini ya bahari ya hewa. Apandaye mlima huacha sehemu ya bahari hiyo chini yake, na hewa inayobaki juu yake ni haba. Pwani ya Mombasa zebaki husimama kwenye sentimita 76. Nanyuki ingesimama kwenye sentimita 60 hivi. Hewa ikiwa haba ukuta ule laini hupungua unene, risasi huhifadhi mwendo wake vizuri zaidi, huchelewa kidogo, na huanguka kidogo.

Kanuni, basi, ni hii: katika nchi ya juu risasi hupiga juu kidogo kuliko katika nchi ya chini, kwa shabaha ileile na masafa yaleyale. Mtu aliyeitengeneza bunduki yake Nanyuki, akishuka nayo Kutulo, risasi yake itapiga chini kidogo. Aliyeitengeneza Kutulo akapanda Nanyuki itampigia juu kidogo.

Ukitaka ushahidi mkubwa wa kanuni hii, tazama mambo mawili ya karne ya 20. Mwezi Machi 1918, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliupiga mji wa Paris kwa mzinga uliokuwa umbali wa kilomita 120 hivi. Watu wa Paris walidhani kuwa ndege wanawaangushia mabomu, kwa kuwa hawakuamini kwamba kombora laweza kutoka mbali namna hiyo. Siri yake ilikuwa kimo. Mzinga ule ulielekezwa juu sana, kombora likapanda hata kimo cha kilomita 40 hivi, mahali ambapo hewa karibu haipo, likasafiri huko bila kizuizi, kisha likashuka mjini. Jambo la pili ni la furaha. Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanywa katika mji wa Mexico, wenye kimo cha mita 2,240. Huko Mmarekani Bob Beamon aliruka mita 8 na sentimita 90, akaipita rekodi ya zamani kwa zaidi ya nusu mita, na wenye elimu walisema kuwa hewa nyepesi ilikuwa na sehemu yake, ingawa ndogo, katika mruko huo. Katika michezo hiyohiyo Kipchoge Keino na Naftali Temu, vijana wa nyanda zetu za juu, walileta nyumbani medali za dhahabu. Pafu la mtu huipata shida hewa nyepesi, na lililoizoea hushinda. Kitu kirukacho huifurahia.

Lakini msomaji, usifanye haraka ya kuhukumu. Hewa hupunguzwa na kimo, na pia hupunguzwa na joto. Hewa iliyopashwa moto hutanuka, ikawa nyepesi. Basi tuzipime nchi zetu mbili kwa haki. Mchemraba wa hewa wenye mita 1 kila upande, katika nchi ya mita 300 wakati wa adhuhuri ya nyuzi 38, una uzito wa kilo 1.10 hivi. Mchemraba kama huo katika nchi ya mita 2,000, asubuhi yenye nyuzi 12, una uzito wa kilo 0.97 hivi. Kama joto lingekuwa sawa, hewa ya juu ingekuwa pungufu kwa karibu sehemu 19 katika 100. Kwa kuwa nchi ya chini ni ya moto, tofauti imebaki sehemu 11 tu. Jua la Kutulo hurudisha karibu nusu ya kile ambacho kimo kilichukua. Ndiyo maana mtu asemaye kuwa nchi ya chini ina hewa nzito amesema kweli nusu, na kweli nusu katika hesabu ni kosa.

Na sehemu 11 hizo zafanya nini kwa risasi? Kwa bunduki ile ya Lee-Enfield, kwenye mita 200, zinageuza mahali pa kupiga kwa nusu sentimita hivi. Ni unene wa penseli. Kwenye mita 400 zinageuza kwa sentimita 5 hivi, yaani upana wa vidole vitatu. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya Nanyuki na Kutulo. Pumzi ya mwindaji aliyekimbia huitikisa bunduki zaidi ya hapo.

Yaweke mambo haya moyoni, sasa tuingie katika historia, tuone bunduki zilivyofika kwetu na zilivyotumiwa.

Kabla ya raifali, watu wa nchi hizi waliwinda kwa upinde. Waboni, ambao hujiita Aweer, waliishi katika misitu ya Ijara na Lamu kwa asali na nyama. Wawaata waliwinda hata ndovu katika nyika ya Tsavo kwa pinde ngumu ambazo mtu mgeni hakuweza kuzivuta, na mishale iliyopakwa sumu ya miti. Mwindaji wa upinde hakujua hesabu ya hewa wala hakuihitaji. Ilimlazimu amnyatie mnyama mpaka amfikie hatua chache, asikie pumzi yake, aone jicho lake. Katika masafa hayo kimo cha nchi hakina neno lolote.

Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilikwenda bara na magobori, yaliyoshindiliwa baruti na risasi mdomoni. Gobori halikuwa na masafa marefu, na moshi wake ulimfunika mwenye kupiga. Kisha, mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyo na moshi, yenye nguvu kupita ile ya zamani, na katika muda wa miaka michache kila jeshi la Ulaya lilikuwa na raifali za mwendo mkali. Mataifa ya Ulaya yalifahamu upesi maana yake. Katika mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 walikubaliana kuzuia bunduki za namna mpya zisiingie Afrika, katika eneo kubwa lililo kati ya jangwa la kaskazini na nchi za kusini, na Afrika Mashariki yote ilikuwa ndani yake. Walisema shabaha yao ni kukomesha biashara ya watumwa. Hapana shaka neno hilo lilikuwamo, lakini yafaa ukumbuke kwamba miaka hiyohiyo wao wenyewe walikuwa wakiigawana Afrika kwa raifali hizo.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na pwani ya Ziwa Viktoria mwaka 1901. Kwa reli hiyo wawindaji wa Ulaya na Marekani walipandishwa ile ngazi ya nchi yetu, kutoka kimo cha bahari hata kimo cha Nairobi, zaidi ya mita 1,600. Bunduki zao zilitengenezwa na mafundi wa London, na alama za shabaha zilichorwa huko, katika hewa baridi ya nchi ya chini. Basi mtu alipokosa swala katika mbuga za Athi, ilikuwa rahisi kusema: "Kimo cha nchi ndicho kilichoniharibia." Wewe sasa waijua hesabu, nawe waweza kumjibu.

Mara nyingi kilichomharibia ni jicho lake. Hewa kavu na safi ya nchi zetu humdanganya mtu aliyezoea ukungu wa Ulaya, naye huona cha mbali kuwa karibu. Katika tambarare kama ya Kutulo mna mazigazi pia: ardhi yenye moto huipasha hewa iliyo juu yake, na mtu huona kama maji yanachezacheza mbele, na miguu ya mnyama kama imekatika. Tuseme mwindaji amemwona choroa, akadhani yuko mita 300, kumbe yuko mita 400. Ukiifanya hesabu ya bunduki ile ile, risasi itapita chini ya mahali alipolenga kwa nusu mita na zaidi. Linganisha na zile sentimita 5 za kimo na joto. Kosa la jicho limepita kosa la hewa mara kumi. Risasi hiyo haitampiga choroa moyoni. Itampita chini ya tumbo, au itamvunja mguu.

Kuna na kosa jingine ambalo watu hulichanganya na kimo. Mtu anapolenga kupanda mlima au kushuka bonde, risasi hupiga juu, iwe anapanda au anashuka. Sababu si hewa. Nguvu ya dunia huipinda njia ya risasi kwa kadiri ya masafa yaliyolala tambarare, si kwa kadiri ya masafa ya mteremko. Katika mteremko wa nyuzi 30, mita 300 za mteremko ni mita 260 tu za tambarare. Mwindaji wa milima ya Aberdare alilazimika kulijua hili kuliko mwindaji wa Wajir, na wengi waliolaumu kimo walipaswa kulaumu mteremko.

Joto nalo huingia ndani ya bunduki. Baruti iliyolala juani huwaka kwa ukali zaidi, risasi ikatoka kwa mwendo mkubwa zaidi, na nguvu ndani ya mtutu ikazidi. Bunduki iliyoachwa juani siku nzima iliweza hata kukwamisha ganda la risasi, jambo la hatari mbele ya ndovu. Mafundi wa Uingereza walilijua jambo hili, wakatengeneza risasi za nchi za joto zenye baruti iliyopunguzwa. Rigby wa London, katika risasi yake mashuhuri ya .416 ya mwaka 1911, alifanya ganda kubwa lenye nafasi ya kutosha, ili nguvu isizidi hata katika jua kali. Ona jinsi mambo yanavyokutana: katika nchi ya chini hewa nzito huishusha risasi kidogo, na baruti ya moto huipandisha kidogo. Aghalabu mambo hayo mawili hulipana deni.

Mtu aliyeyafahamu hayo kuliko wengi alikuwa Mskochi W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, kaskazini ya Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Wengine walibeba bunduki nzito za kuangusha ndovu kwa kishindo. Bell alitumia raifali nyembamba ya milimita 7, yenye risasi ya gramu 11 hivi. Alipasua vichwa vya ndovu waliokufa, akajifunza ubongo ulipo, kisha akajizoeza kusogea karibu na kupiga mahali pamoja tu. Hakuitegemea nguvu ya bunduki. Alitegemea maarifa na ukaribu. Kwa maarifa hayo aliua ndovu zaidi ya 1,000. Wengine humsifu kwa ustadi wake, na ustadi alikuwa nao. Lakini msomaji, simama kidogo juu ya hesabu hiyo. Ndovu elfu moja, mtu mmoja. Ustadi ni chombo, na chombo hakijui wema wala ubaya wa kazi yake.

Mwaka 1909 alikuja Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani. Alitua Mombasa mwezi Aprili pamoja na mwanawe Kermit, wakapita nyanda za juu na za chini, wakikusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Washington. Baba na mwana waliua wanyama 512. Tayari mwaka 1900 mataifa yenye makoloni yalikuwa yamekutana London na kuweka mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, kwa kuwa waliona wanakwisha. Matokeo yake yalikuwa sheria za leseni. Mwenye fedha alinunua karatasi akawinda. Mboni na Mwaata, ambao babu zao waliwinda hapo kabla ya karatasi kuwapo, waliitwa majangili, na miaka ya 1950 Wawaata wengi wa Tsavo walitiwa gerezani kwa kosa hilo. Haki ya mizani ile, kila mtu na aipime mwenyewe.

Katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambamo Wajir na Garissa zilikuwamo, maofisa wa wanyama waliitwa Bwana Nyama. Mmoja wao alikuwa George Adamson, aliyeingia kazini mwaka 1938 na kukaa Isiolo. Mwaka 1956, akimtafuta simba mla watu, alishambuliwa na simba jike, akampiga risasi. Baadaye akagundua kwa nini mnyama yule alikuwa mkali hivyo: alikuwa akiwalinda watoto wake watatu. Mmoja wa watoto hao ni Elsa, ambaye habari zake ziliandikwa na mkewe Joy katika kitabu cha mwaka 1960 na zikaenea duniani kote. Masafa ya risasi ile yalikuwa mafupi, na shabaha haikukosea. Kilichokosekana ni kujua. Adamson aliishi miaka yake ya mwisho Kora, kando ya mto Tana, akiwarudisha simba porini, na huko aliuawa kwa bunduki mwezi Agosti 1989.

Maana wakati huo bunduki zilikuwa zimebadilika tena. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote mwezi Mei 1977, lakini majangili walikuwa na silaha za kijeshi zitoazo risasi mfululizo. Mwenye silaha hiyo hahitaji hesabu ya hewa, wala mazoezi ya Bell, wala subira ya Mwaata. Hunyunyiza risasi kama mtu amwagaye maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilihesabiwa kuwa na ndovu zaidi ya 160,000. Mwaka 1989 walibaki chini ya 20,000. Mwezi Julai mwaka huo Rais Daniel arap Moi aliwasha moto katika mbuga ya Nairobi, akateketeza tani 12 za pembe, ili ulimwengu uone kwamba pembe haina thamani ila ikiwa juu ya ndovu.

Katika eneo letu la kaskazini-mashariki yuko mnyama mwingine ambaye yafaa kila mwanafunzi amjue. Huyo ni hirola, jamaa wa kongoni, mwenye alama nyeupe baina ya macho kama miwani. Nchi yake ni Garissa, na upande wa pili wa mpaka, Somalia. Miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 10,000. Ukame, sotoka ya miaka ya 1980, ujangili na kupungua kwa mbuga za majani vimewaangusha, hata leo wanahesabiwa kwa mamia tu. Lakini wenyeji wa Ijara hawakukaa kimya. Walianzisha hifadhi yao ya Ishaqbini, na mwaka 2012 hirola 48 walitiwa ndani ya ua wa ulinzi, wakaanza kuzaana. Wafugaji hao, ambao wengi wao mila zao haziwapi heshima nyama ya porini, wamefanya yale ambayo mikataba ya wafalme haikuyafanya.

Sasa turudi Kutulo, kwenye swali letu. Je, kimo cha nchi hugeuza njia ya risasi? Naam, hugeuza. Risasi iliyotengenezewa shabaha Nanyuki hupiga chini kidogo Kutulo. Ndivyo alivyotufundisha Robins kwa gogo lake, na Périer kwa zebaki yake. Lakini tumeona pia kuwa kadiri yake ni ndogo, joto huila nusu yake, na makosa ya mwanadamu huipita mara kumi. Kosa la kukisia masafa huzaa mnyama aliyevunjika mguu, aendaye kufia mbali vichakani kwa siku mbili, bila faida ya mtu ila tumbusi. Kwa kila mwindaji aliyelaumu hewa, mara nyingi palikuwa na mwindaji aliyepiga kutoka mbali mno.

Hapo ndipo fundisho lilipo, nawe ulichukue hata kama maishani mwako hutashika bunduki. Mambo mengi hutugeuzia shabaha: hewa, joto, mteremko, chombo tulichopewa. Ni vizuri kuyajua yote na kuyapima kwa hesabu, maana asiyepima hukisia. Lakini baada ya kuyapima, uwe na uaminifu wa kusema ni lipi kubwa na ni lipi dogo. Mtu mvivu hushika sababu ndogo iliyo ya kweli, akaificha nyuma yake sababu kubwa iliyo yake mwenyewe. Na kwa kadiri chombo kinavyotuwezesha kutenda kutoka mbali, ndivyo yatupasavyo kuongeza juhudi ya kuona karibu. Mwindaji wa upinde aliliona jicho la mnyama kabla ya kuachia uzi. Mwenye raifali aliona nukta tu katika mazigazi, akavuta kidole, na alichokifanya hakukijua mpaka alipotembea zile mita 400 kwenda kukitazama.

Wengi hawakutembea.